Anon ni mara moja, sio baadaye

Jumapili jioni nilikuwa kwa bibi, yeye ana Biblia yake ya Union ile ya jalada jeusi lililoachia mgongoni, mimi nimeshika ya Kiingereza, King James, tunasoma mfano wa mpanzi, Mathayo 13. Utaratibu wetu ni huo siku zote, yeye anasoma mstari kwa Kiswahili halafu mimi nausoma kwa Kiingereza. Tukafika mstari wa 20, zile mbegu za penye miamba, bibi akasoma kwamba huyu mtu analisikia neno "akalipokea mara kwa furaha". Kwangu imeandikwa "anon with joy receiveth it". Nikakwama hapohapo, maana anon ninayoijua mimi ni ya "see you anon", yaani tutaonana baadaye, sasa inakuwaje bibi anasema mara halafu mimi nasema baadaye, mstari ni uleule?

Nimelifuatilia hili neno wiki nzima na bibi ndo yuko sahihi.

Anon ni neno la zamani sana, la Kiingereza kile cha kabla Wanormani hawajaivamia Uingereza mwaka 1066. Mwanzo yalikuwa maneno mawili, on na ān, na hiyo ān ndo moja, ndo one ya leo. Ukiyaweka kwa Kiswahili unapata kama "katika moja". Kwanza ilimaanisha kuwa pamoja, kuwa kitu kimoja, baadaye ikawa kwenda bila kukatisha, mwisho ikawa papo hapo. Sasa sikiliza sisi tunavyosema: mara moja. Moja kwa moja. Mimi hii imenifurahisha mno, watu wa mbali kabisa na sisi walipotaka kusema "bila kuchelewa" nao wakaishika namba moja kama tulivyoishika sisi! Na hata at once ya Kiingereza cha leo, ukiichungulia ndani, moja imo.

Ilikuwaje sasa ikageuka kuwa baadaye? Ni sisi watu. Kuna tamthilia ya Shakespeare, Henry wa Nne sehemu ya kwanza, iliyochapwa 1598, ndani yake kuna kijana anahudumia kwenye kilabu cha pombe pale Eastcheap, London, anaitwa Francis. Mwana wa mfalme amekaa naye anamuuliza maswali, huku rafiki yake yuko chumba kingine anaita Francis! Francis! na kijana anajibu "Anon, anon, sir", lakini hatoki, kashikwa na maswali. Anaitwa tena, anajibu anon tena. Mwisho wanamwita wote wawili kwa pamoja akabaki kasimama katikati hajui aelekee wapi. Anon ya Francis ndo nakuja bosi, nakuja sasa hivi, na mteja bado anasubiri. Neno likisemwa hivyo kila siku, vizazi na vizazi, wasikilizaji wanajifunza maana yake kwa kuangalia saa.

Soon, ambayo leo ni punde, nayo yaliikuta hayohayo, kwenye Kiingereza cha kale ilikuwa ni papo hapo kabisa. Na kwetu naiona inaanza, fundi akikwambia gauni linaisha sasa hivi unajua kabisa ukae chini, na mtu akisema natoka mara moja anamaanisha muda mfupi, sio kwamba anatoka dakika hii.

Lakini kilichonifanya niandike ni mstari wa 21 unaofuata. Huyu mtu wa kwenye miamba hana mizizi, dhiki ikija "mara huchukizwa". Bibi amelisoma neno "mara" kwa mara ya pili. Kiingereza changu hapo kimeandika "by and by he is offended", na by and by leo ni polepole, mbele ya safari, ila mwaka 1611, King James ilipotoka, ilikuwa ni papo hapo vilevile. Kigiriki chenyewe mistari yote miwili kina neno moja tu, euthys, mara. Kwa hiyo Kiswahili kimelishika lilivyo, neno lilelile mara mbili, amepokea mara na ameacha mara, mbio alizoingilia ndo mbio alizotokea. Ukisoma kwa Kiingereza cha leo unamwona mtu aliyefikiria kwanza, akapokea baadaye, akaja kuchoka taratibu. Huyo ni mtu mwingine kabisa, wala hafanani na udongo haba ambao mbegu imeota upesi jua likaiunguza.

(Ile Anon inayowekwa chini ya shairi lisilo na mtunzi msiichanganye na hii, ile imekatwa kutoka neno la Kigiriki la asiye na jina.)

Nimechukua penseli, juu ya anon nimeandika mara, juu ya by and by nimeandika mara. Jumapili hii tunaendelea na magugu.