Chakula cha mwisho cha Chunda

Treni ya usiku kutoka Delhi ilitakiwa kufika Gorakhpur alfajiri. Tuliingia saa tano asubuhi. Mwezi wa Januari kaskazini mwa India ukungu hushuka mzito hadi treni zinatambaa, na abiria wenzangu, waliozoea, walijivuta mablanketi wakaendelea kulala. Jukwaa la stesheni ya Gorakhpur lina urefu wa mita 1,366, na hadi mwaka 2023 hakukuwa na lililolizidi duniani. Nililitembea na begi langu begani, nikanywa chai ya maziwa kwenye kikombe cha udongo, nikapanda basi la Kushinagar. Ni kilomita hamsini na kitu kuelekea mashariki, miwa kushoto na kulia, na matrekta yaliyoshonwa miwa mpaka dereva haonekani.

Niseme mapema kilichonipeleka. Mimi ni Mwislamu wa Tanga, nilikuwa nasoma Delhi, na sikwenda kutafuta dini nyingine. Nilikwenda kwa sababu ya fundi chuma mmoja aitwaye Chunda.

Likizo iliyotangulia nilimpikia bibi yangu wali wa nazi na changu wa kupaka, maana aliomba mwenyewe. Usiku ule ule akaanguka, na siku ya tatu tukamzika. Daktari alisema ni kiharusi, presha ya miaka mingi. Lakini msibani maneno hayakosi. Nikiwa uani nasugua masufuria nilisikia mtu anauliza kwa sauti ya chini, "Kwani jioni ile alikula nini? Nani alipika?" Swali lile nilipanda nalo ndege. Hitma tulisoma, sadaka tulitoa, na kila mwezi nilikuwa natuma pesa nyumbani watu walishwe kwa ajili yake. Bado kila nikishika mwiko nalisikia.

Mwanafunzi mwenzangu kutoka Sri Lanka ndiye aliyenisimulia. Buddha, akiwa na miaka 80, alifika mji wa Pava, na Chunda akamkaribisha nyumbani kwake. Kati ya vyakula alivyoandaa kulikuwa na kimoja ambacho wasomi wanabishania hadi leo, wengine wakisema ni nyama ya nguruwe, wengine uyoga. Baada ya kula, Buddha alishikwa na tumbo la kuhara damu. Aliondoka hivyo hivyo, kwa miguu, kuelekea Kusinara, ambayo ndiyo Kushinagar ya leo. Njiani akamwambia Ananda, mhudumu wake: huenda mtu akaja kumlaumu Chunda, na Chunda akajuta. Basi mwambieni kwamba vyakula viwili vina thawabu kuliko vyote nilivyowahi kupewa, kile nilichokula kabla ya kuupata mwanga wa kuijua kweli, na hiki cha kwake.

Mtu anakufa barabarani, na anachokiwaza ni moyo wa aliyempikia. Niliposikia hayo nilikata tiketi wiki ile ile.

Hekalu la Kushinagar ni jeupe, limejengwa mwaka 1956, na mbele yake imepandwa miti ya sal, kwa kuwa masimulizi yanasema Buddha alilala akafa kati ya miwili ya aina hiyo. Unavua viatu; sakafu ilikuwa baridi kama barafu. Ndani kuna sanamu yake yenye urefu wa mita 6.1, amelala ubavu wa kulia, kichwa kaskazini, uso magharibi. Ni kazi ya karne ya 5, na mwaka 1876 ilifukuliwa ikiwa vipande vipande, ikaunganishwa. Kwenye kitako chake kuna maandishi yanayomtaja Haribala, mtawa aliyeitoa. Kwa hiyo sanamu yenyewe ni sadaka ya mtu.

Nikiwa nimejibana ukutani liliingia kundi la mahujaji wa Sri Lanka, wote kwa mavazi meupe. Walikuwa wamebeba kitambaa kirefu cha rangi ya dhahabu juu ya vichwa vyao, wakizunguka sanamu huku wanaimba kwa Kipali, lugha ya kale ya maandiko yao. Kisha wakamfunika nacho hadi shingoni, taratibu, kama unavyomfunika mgonjwa aliyepitiwa na usingizi. Mama mmoja mzee alipiga magoti kwenye nyayo, akazigusa, akalia bila sauti. Walipotoka tu, mhudumu akakiondoa kitambaa, akakikunja mara mbili, mara nne, akakiweka kando juu ya vingine, maana Wathai walikuwa mlangoni na chao.

Nilishikwa na uchungu kwa ajili ya yule mama. Nje nikamwona mtawa wa kundi lao ameketi juani, nikamwamkia, na aliposikia natoka Tanzania akaniuliza habari za hekalu la Upanga, Dar es Salaam, lililoanzishwa na Wasinhala, watu wa Sri Lanka. Nikapata ujasiri wa kumuuliza kitambaa kinachodumu dakika kumi kina faida gani.

Akanionyesha miti. Alisema siku ile Buddha alipolala kufa miti ilichanua nje ya msimu, maua yakamdondokea Buddha mwilini, na mengine yakashuka kutoka mbinguni, pamoja na muziki. Buddha akamwambia Ananda kwamba hiyo siyo heshima ya kweli. Anayemheshimu kweli ni yule anayeishi kwa mafundisho.

"Kwa hiyo aliyakataa maua?" nikauliza.

"Hakuyakataa. Aliyaacha yadondoke." Halafu akaniambia kwamba kwao, anayeweka ua mbele ya Buddha husoma ubeti unaosema: kama ua hili linavyonyauka, ndivyo na mwili wangu. "Yule mama anajua kitambaa kitaondolewa. Amekuja kujifunza kuachia."

Kwetu pia, kila Idi ya kuchinja, sheikh hutukumbusha kwamba kinachomfikia Mola si nyama wala damu. Nimeyasikia tangu utotoni. Ila pale, miguu peku juani, niliona wazi kwamba pesa nilizokuwa natuma zilikuwa malipo. Nilikuwa nalipa ili swali la uani linyamaze, na hakuna sahani ya pilau inayoweza kulinyamazisha. Bibi aliomba chakula, nikampikia kwa mapenzi. Sadaka yangu kwake ilishatimia jioni ile.

Nilisogea chini ya mti, nikampigia mama. Tangu msiba hatukuwahi kuzungumzia jioni ile. Yeye ndiye aliyekaa na bibi wakati mimi niko jikoni.

"Mama, bibi alikula siku ile?"

Kimya. Nikadhani simu imekatika.

"Alikula, mwanangu. Akamaliza, akaniuliza, ukoko umebaki?"