Nilivyoacha kuikimbia sauti yangu nzito

Niliimba sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa letu kwa miaka 12, lakini nilipovuka umri wa miaka 45 noti za juu zilianza kunikimbia, kwanza katika nyimbo ndefu za Pasaka na baadaye hata katika tenzi nilizozizoea tangu utotoni. Mwalimu wa kwaya alinihamishia sauti ya pili, nami niliona nimeshushwa cheo.

Aliyenitoa katika fikra hiyo ni Mavis Staples, mwimbaji wa Chicago aliyezaliwa mwaka 1939 na kuanza kuimba makanisani mwaka 1948 pamoja na ndugu zake na baba yao, Roebuck Staples, aliyewapigia gitaa. Katika rekodi yao ya mwaka 1956, «Uncloudy Day», kuna sauti ya chini ambayo wasikilizaji wengi wa redio waliidhania ya mwanamume au ya mama mtu mzima, kumbe ilikuwa ya Mavis, binti wa miaka 17. Nilirudia rekodi hiyo hadi watoto wangu wakaikariri bila kutaka.

Kila alfajiri nilichagua kipande kifupi, nikakiimba na kujirekodi kwa simu. Kosa langu lilijitokeza siku ile ile ya kwanza: nilikuwa nikilibana koo ili sauti ipande, ilhali Mavis huiacha itoke kifuani, na pumzi ikikaribia kwisha hashindani nayo, bali huiacha noti ikwaruze kidogo kisha ikome. Baada ya miezi miwili nilimwomba mpiga kinanda wetu aushushe wimbo mmoja wa shukrani kutoka ufunguo wa G hadi ule wa D. Alicheka, akasema huko chini ni kwa wanaume.

Mazoezini nilifuata mpango wa «I'll Take You There», wimbo wa familia ya Staples uliofika nafasi ya kwanza Marekani mwaka 1972, ukiwa na maneno machache mno ya ubeti na sehemu kubwa iliyobaki ikiwa mwito na itiko. (Sisi tuliolelewa na nyimbo za kuanzisha na kupokea tuko nyumbani hapo.) Mzee mmoja wa kanisa alilalamika kwamba tunaleta muziki wa dansi madhabahuni. Familia ya Staples nayo ililaumiwa hivyo na baadhi ya waumini ilipoingia katika soul, muziki wa kidunia wa Wamarekani weusi, na jibu la Mavis limekuwa kwamba shetani hana muziki wake. Mimi sikuthubutu kumjibu mzee wetu kwa ukali huo; nilimwomba tu asikilize maneno.

Lakini rekodi iliyonifaa zaidi ni ya uzeeni mwake, «You Are Not Alone» ya mwaka 2010, iliyompa tuzo ya Grammy akiwa na miaka 71. Humo sauti imekwaruza na kushuka zaidi, naye haifichi: anasema mstari, ananyamaza, anawaachia waitikiaji wajaze nafasi.

Jumapili ya mavuno niliuongoza ule wimbo wa shukrani katika D. Katika ubeti wa tatu pumzi iliniishia, nikanyamaza, na sauti ya tatu ikaupokea mstari kabla kinanda hakijamaliza kunisubiri. Mpiga kinanda sasa huuliza mwenyewe kama ashushe.