Nilivyoielewa futiboli ya Wamarekani kwa kuanzia mwaka 1899

Mwaka wangu wa kwanza Nashville, kila Jumatatu nilikuwa bubu. Ghalani kwetu gumzo la asubuhi lilikuwa mechi za vyuo za Jumamosi, na mimi, mtoto wa Kakamega niliyekulia kwenye raga, nilikuwa natikisa kichwa tu. Nilijaribu kutazama kwenye televisheni. Kipenga, wamesimama. Kipenga, wameingia wengine kumi na mmoja. Tangazo. Usingizi ukanichukua.

Mzee mmoja wa zamu yetu ndiye aliyenishauri niachane na hizi za sasa, nianze na Sewanee.

Sewanee ni chuo kidogo cha Waepiskopali kilicho juu ya mlima, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari kutoka hapa. Mwaka 1899 timu yao ilicheza mechi 12 ikashinda zote, pointi 322 kwa 10. Katikati ya msimu wakapanda treni. Novemba 9 wakaichapa timu ya chuo cha Texas 12-0 mjini Austin; kesho yake Texas A&M 10-0, Houston; keshokutwa Tulane 23-0, New Orleans. Jumapili wakapumzika, chuo cha kanisa hicho. Jumatatu LSU, chuo cha jimbo la Louisiana, 34-0, Jumanne Mississippi 12-0 kule Memphis. Mimi nikicheza raga Jumamosi, Jumatatu ngazi nilikuwa nashuka kinyumenyume.

Nilipotafuta sheria za wakati ule ndipo taa ikawaka: ilikuwa karibu raga tupu! Kurusha mpira mbele kulikuwa marufuku. Tachidauni, yaani kuufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa mwisho wa wapinzani, ilikuwa pointi 5, kama trai yetu ya leo kwenye raga, na mkwaju wa baadaye uliongeza 1. Ulipewa nafasi tatu za kusogea yadi 5. Ukishindwa, mpira ni wa wenzako. Basi.

Nikamwaga maharagwe mezani, mekundu kumi na moja, meupe kumi na moja, punje ya mahindi ikawa mpira. Nikacheza 1899 mpaka ikanikaa, kisha nikaongeza mageuzi moja moja. Mwaka 1906 wakaruhusu kurusha mbele. Nikaitupa punje juu ya vichwa vya maharagwe, nikaona kwa nini walinzi walilazimika kutawanyika. Mwaka 1912 nafasi zikawa nne na tachidauni ikawa 6. Kufikia hapo futiboli ya kwenye televisheni ilianza kunisemesha.

Utamu wenyewe uko Novemba 30. Timu ya chuo cha Auburn, iliyofundishwa na John Heisman, ndiyo pekee iliyopata pointi dhidi ya Sewanee msimu ule: Sewanee wakashinda 11-10. Piga hesabu kwa tano tano uone msimu mzima ulivyoning'inia kwenye mkwaju mmoja wa pointi 1. Hiyo nilimsimulia mzee Jumatatu iliyofuata, akaweka kikombe chini kunisikiliza.

Juzi shemeji yangu kafika kutoka nyumbani, nikamketisha na bakuli la maharagwe. Kipenga kikalia, kumi na mmoja wakatoka.

"Shemeji, wale wote wameumia?"

"Hapana, kazi yao ni kushambulia tu. Sasa wanaingia wa kulinda."

"Na wale wako wa treni?"

"Ukitoka, umetoka. Hurudi."

Akachukua haragwe moja jeupe, akaliweka kando ya sahani.