Bata mzinga apumzike, na mpishi naye apumzike: chakula cha Krismasi bila presha

Kila Desemba inapoingia hapa Uingereza, watu wanaopika vizuri mwaka mzima huanza kuingiwa na wasiwasi juu ya mlo wa tarehe 25. Nimekuwa nikiupika mlo huu nyumbani kwetu kwa miaka mingi, na nimefikia kuamini kwamba wasiwasi huo hautokani na ugumu wa mapishi yenyewe. Kuoka ndege si kazi ngumu, kuoka viazi si kazi ngumu, na mchuzi anaweza kuupika hata kijana wa shule akielekezwa vizuri. Tatizo ni kwamba karibu kila kitu kinataka kuingia kwenye oveni, oveni yenyewe ni moja, na vyote vinatakiwa vifike mezani vikiwa vya moto kwa wakati mmoja. Mpishi akishaamua mapema ni chakula kipi kitakaa kwenye oveni saa ngapi, sehemu kubwa ya presha imekwisha kabla hata kiazi kimoja hakijamenywa.

Mlo ninaouzungumzia ni ule unaojulikana: bata mzinga, viazi vya kuoka, karoti na parsnipi (mizizi myeupe inayofanana na karoti), vikabichi vya Brussels, soseji ndogo zilizoviringishwa kwa bekoni, mchanganyiko wa mkate na vitunguu wenye majani ya seji, mchuzi mzito wa kahawia, sosi ya kranberi, na mwishoni pudini ya Krismasi. Bata mzinga mwenyewe alikuja Uingereza kutoka bara la Amerika katika karne ya 16, na kwa muda mrefu familia nyingi ziliendelea kula bata bukini siku hiyo, kama zinavyofanya baadhi hadi leo. Anayependelea bata bukini au pande la nyama ya ng'ombe atabadilisha muda wa kuoka tu, kwa kuwa mpangilio wa kazi ni uleule.

Jambo la kwanza ni kununua ndege anayefaa, na hapa watu wengi hujitafutia taabu. Ndege wa kilo 4 hadi 5 anawatosha watu sita hadi wanane, na nyama ya kesho yake inabaki. Ndege wa kilo 8 huonekana mzuri dukani, lakini nyumbani hujaza oveni yote, huchukua saa nyingi, na nyama ya kidari hukauka kabla mapaja hayajaiva. Ikiwa wageni ni wengi, ni afadhali kununua ndege wa wastani na kuongeza kidari kingine cha kuoka pembeni. Vilevile nashauri upime upana na kimo cha ndani ya oveni kwa futi kamba, pamoja na trei utakayotumia, kabla ya kwenda dukani.

Ununuzi wote ukamilike tarehe 23, au 24 asubuhi kwa mboga. Sheria ya mwaka 2004 inakataza maduka makubwa ya England na Wales, yaani yenye eneo la mauzo linalozidi mita za mraba 280, kufungua milango kwa wateja siku ya Krismasi. Kwa hiyo siagi ikikwisha asubuhi ile, huwezi kutegemea supamaketi kukuokoa.

Ndege aliyegandishwa anahitaji saa 10 hadi 12 kwa kila kilo ili ayeyuke ndani ya friji, na ndege wa kilo 5 atachukua takriban saa 50 hadi 60. Mimi humtoa kwenye friza tarehe 21 asubuhi, humweka ndani ya trei yenye kina kwenye rafu ya chini kabisa ya friji ili majimaji yake yasidondokee chakula kingine, na jioni ya tarehe 23 huwa yuko tayari. Nakusihi usimwoshe. Maji ya bomba hurusha matone yenye bakteria kwenye sinki, kwenye meza na kwenye vyombo vilivyo karibu, ilhali joto la oveni litawaua bakteria hao bila msaada wowote wa maji. Mpanguse kwa karatasi ya jikoni hadi ngozi ikauke, kisha karatasi hizo uzitupe papo hapo na unawe mikono kwa sabuni.

Jioni hiyohiyo ya tarehe 23 ndipo ninapofanya kazi ambayo naiona ina faida kuliko zote, nayo ni kumpaka chumvi. Gramu 10 hivi za chumvi kwa kila kilo zinatosha, zikichanganywa na pilipili manga na majani ya thaimu yaliyokatwakatwa, na sehemu kubwa ipakwe kwenye kidari na mapajani, ambako nyama ni nene. Saa za mwanzo utaona ngozi imelowa, kwa sababu chumvi inavuta maji kutoka ndani ya nyama. Usimpanguse tena. Maji hayo huyeyusha chumvi, kisha hurudi taratibu ndani ya nyama yakiwa na ladha, na nyama iliyoingia chumvi kwa namna hiyo hushikilia maji yake vizuri zaidi inapookwa. Ndege hukaa ndani ya friji bila kufunikwa mchana kutwa wa tarehe 24, na ngozi hukauka hadi ikawa kama karatasi ukiigusa, jambo linaloifanya iwe ya kahawia na kukatika kwa mlio mezani. Soma kwanza lebo, maana baadhi ya ndege wa madukani tayari wameingizwa maji ya chumvi kiwandani, na hao hawahitaji kuongezwa.

Mchuzi mzito ndio unaowachosha wapishi wengi, kwa sababu umezoeleka kupikwa dakika za mwisho, wakati ambapo nyama inakatwa, viazi vinatolewa na watoto wanauliza chakula kiko wapi. Mimi huupika mwanzoni mwa Desemba. Naoka kilo moja ya mabawa ya kuku pamoja na vitunguu na karoti kwa nyuzi joto 200 hadi vyote viwe vya kahawia iliyokolea, kisha navitia kwenye sufuria na lita 2 za maji, nakwangua na kuyeyusha kila kilichoganda kwenye trei, na kuacha vichemke kwa moto mdogo muda wa saa mbili. Nikishachuja, nakaanga unga wa ngano kwenye siagi hadi unukie kama karanga, naongeza supu kidogokidogo huku nikikoroga, na mchuzi ukishapoa naugandisha. Siku ya Krismasi unachemshwa tu, halafu unaongezwa majimaji ya bata mzinga yaliyobaki kwenye trei baada ya kuenguliwa mafuta. Ladha ya ndege inaingia, na hakuna aliyesimama jikoni akipambana na madonge ya unga.

Sosi ya kranberi nayo hukaa kwenye friji wiki nzima bila shida. Kabichi nyekundu, kwa wanaoipenda, ipikwe tarehe 23 na tufaha, siki na sukari, maana kadiri inavyolala ndivyo ladha inavyokolea. Mchanganyiko wa mkate na seji naupika tarehe 24 kwenye bakuli lake, wala siujazi ndani ya ndege, kwa sababu ndege aliyejazwa huchelewa kuiva na katikati panaweza kubaki na ubichi bila mpishi kujua. Viazi humenywa jioni hiyo na kulowekwa kwenye sufuria ya maji baridi. Kazi hii nawaachia wengine kabisa. Mgeni anayesema "nikusaidie nini?" asijibiwe "wewe kaa tu", apewe kisu na kilo 2 za viazi, naye atafurahi kwamba ana sehemu yake katika mlo.

Sasa tufike kwenye siku yenyewe. Chukua karatasi, andika juu kabisa saa ya kula, kisha rudi nyuma. Sisi hula saa nane mchana, ili tuwe tumemaliza kabla ya saa tisa alasiri, saa ambayo hutuba ya Mfalme hurushwa. Utamaduni huo ulianza kwenye redio mwaka 1932 wakati wa George V na ukaingia kwenye televisheni mwaka 1957. Kwa ndege wa kilo 5 na oveni ya nyuzi joto 180, muda wa kuoka ni takriban dakika 40 kwa kila kilo, yaani saa tatu na dakika ishirini. Oveni yenye feni ipunguzwe joto kwa nyuzi 20 hivi.

Watu wengi hukosea hapa: humpangia ndege atoke kwenye oveni dakika chache kabla ya saa nane. Mimi hupanga atoke saa saba kasoro dakika 20, zaidi ya saa nzima kabla ya kula. Nyama iliyotoka kwenye moto muda huohuo ikikatwa, maji yake hutiririka kwenye ubao na ulaji wake unakuwa mkavu. Ikiachwa itulie, maji hubaki ndani ya nyama. Ndege wa ukubwa huo akifunikwa kwa foili na mataulo mawili safi juu yake hukaa moto zaidi ya saa moja, na muda wote huo oveni iko wazi kwa viazi. Saa hii moja ya mapumziko ndiyo inayoufanya mlo wote uwezekane bila kukimbizana. Hata ndege akichelewa kuiva kwa nusu saa, bado hakuna kilichoharibika, na ukijua hivyo tangu asubuhi moyo unatulia.

Kwa hiyo ndege anatoka kwenye friji saa mbili na nusu asubuhi, anapakwa siagi, na saa tatu na dakika 20 anaingia kwenye oveni iliyokwisha pata moto, kidari kikiwa kimefunikwa foili kwa saa mbili za mwanzo. Usifungue mlango wa oveni kila mara kummwagia mafuta, maana joto linapotea na ngozi inalowa. Kuanzia saa sita kamili tumia kipimajoto, kwa kuwa oveni hazilingani. Kichome mahali paja linapokutana na kiwiliwili, kisiguse mfupa, kisha kwenye sehemu nene ya kidari. Kikionyesha nyuzi 75 kote kuwili, ndege ameiva, hata kama ratiba inasema bado. Ikiwa kuna chombo kimoja tu utakachonunua kwa ajili ya Krismasi, naomba kiwe hiki, kwa sababu hofu ya nyama mbichi ndiyo inayowafanya watu wamwoke ndege hadi akauke.

Wakati ndege anakaribia kutoka, viazi vinachemshwa kwenye maji ya chumvi kwa dakika 8 hadi 10, hadi kingo zianze kulegea. Chagua viazi vyenye unga mwingi, kama Maris Piper au King Edward. Vimwage kwenye chujio, viache vitoe mvuke dakika tano, kisha virudishe kwenye sufuria, funika, na uitikise kwa nguvu mara chache. Utaona kingo zimekwaruzika na viazi vimevaa unga wake mwenyewe. Huo ndio utakaogeuka ganda gumu la dhahabu. Ndege akishatoka, pandisha moto wa oveni hadi nyuzi 220, weka trei yenye mafuta ya bata bukini au mafuta ya mboga hadi yapate moto sana, halafu tia viazi kimoja kimoja, visigusane. Vinaingia saa saba kamili na kutoka saa nane kasoro dakika tano, vikigeuzwa mara moja katikati.

Rafu ya chini inapokea parsnipi na karoti saa saba na dakika 10, na soseji saa saba na dakika 15. Oveni isipokee zaidi ya trei tatu, kwa maana ikijazana mvuke unakosa pa kutokea na viazi vinabaki laini. Mchanganyiko wa mkate uliookwa jana unapashwa moto hadi katikati kwenye maikrowevu. Pudini inachemka kwa mvuke juu ya jiko tangu saa saba, haigusi oveni kabisa. Vikabichi vya Brussels vilivyokatwa nusu vinakaangwa kwa siagi dakika sita za mwisho, basi. Sahani zilowekwe kwenye sinki lenye maji ya moto, zikaushwe na kupangwa, kwa sababu mchuzi wa moto kwenye sahani baridi hauna maisha.

Ukiona bado kazi ni nyingi, punguza chakula. Mboga mbili zilizopikwa vizuri zinatosha, na sijawahi kusikia mtu akiinuka mezani akilalamikia mboga ya tano ambayo haikuwapo.

Baada ya kula, nyama iliyobaki iondolewe kwenye mifupa na kuingizwa kwenye friji ndani ya saa mbili, iliwe ndani ya siku mbili au igandishwe. Mifupa naitia kwenye sufuria kubwa na kitunguu kimoja, naijaza maji, na kuiacha ichemke taratibu jioni nzima kwa ajili ya supu ya tarehe 26.