Siku moja maishani mwangu: thieta, vizazi vitatu na bega moja linalouma

Saa 11 alfajiri. Alamu inalia, naizima, inalia tena. Mi ni nesi wa thieta, yani chumba cha upasuaji, upande wa magonjwa ya kina mama, yule anayesimama ubavuni mwa daktari na kumpa kifaa kabla hajakiomba (akishaomba ujue umechelewa). Leo ratiba ina kesi tatu, zote za kutoa kizazi, na hakuna hata mbili zinazofanana, ndo maana nimeona leo niandike.

Saa 1 kasoro. Nakagua vifaa. Kamera ya laparoskopi (oparesheni ya kupitia matundu madogo tumboni) ni fimbo nyembamba tu, milimita 5 au 10, ila ina vituko vyake, ukiiingiza tumboni ikiwa ya baridi inashika ukungu kama miwani kwa hiyo naiandalia maji ya moto ya kuichovya. Pembeni naweka seti nzima ya kupasua tumbo kawaida, hata kama daktari kasema leo ni matundu. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza, dada, huoni unaleta nuksi? Nikamwambia nuksi ni kuihitaji halafu iko stoo.

Saa 1 na nusu. Mgonjwa wa kwanza kafika, mama wa miaka 46 mwenye adenomayosisi, yani ile ngozi ya ndani ya kizazi imeota mpaka ndani ya msuli wa kizazi chenyewe, kinavimba, kinauma, na kila mwezi damu inatoka mabonge. Kashajaribu vidonge vya kupunguza damu, kawekewa kitanzi chenye homoni, wapi. Namuuliza maswali ya kila siku, jina lako nani, leo unafanyiwa nini. Akasema, "Natolewa kizazi na kila kitu."

Hapo nikasimama. Kila kitu ndo nini? Fomu aliyosaini inasema kizazi, mlango wa kizazi na mirija, ovari (vile vifuko vya mayai) zinabaki. Yeye alijua ikifika jioni keshaingia ukomo wa hedhi, na ameibeba hofu hiyo wiki nzima bila kumwambia mtu. Nikamwita daktari maana hiyo kazi ya kueleza ni yake, akaja akachora nyuma ya karatasi: hiki kinatoka, hiki kinatoka, hizi mbili zinabaki na homoni zinaendelea, hedhi na mimba ndo hazitakuwepo tena. Mirija inatolewa kwa sababu saratani nyingi tunazoziita za ovari huanzia humo kwenye mirija. Mama kaiangalia michoro weeee, akauliza, "Sasa dokta, kama mayai yapo na kizazi hakipo, hilo yai likitoka linaenda wapi?" Miaka yote hii thieta sijawahi kusikia mtu akiuliza na ni swali la maana kabisa. Linayeyuka, mwili unalifyonza. Akacheka, mabega yakashuka.

Saa 2 na nusu. Tumeanza. Kabla ya kisu tunasoma kwa sauti orodha ya usalama, ile ya WHO ya mwaka 2008, jina, oparesheni gani, aleji, damu ipo. Mgonjwa kashalala kwa nusu kaputi. Tundu la kwanza kitovuni, gesi ya kaboni dioksidi inaingia mpaka tumbo linainuka kama hema, presha ya hiyo gesi kwa kawaida tunaishikilia isizidi milimita 15 za zebaki. Kitanda kinainamishwa kichwa chini ili utumbo usogee utuachie nafasi, matundu mengine matatu madogo, kamera ndani, wote macho kwenye skrini.

Sehemu nyingine zinaenda haraka ila kuna moja hata redio tunazima. Mshipa mkubwa wa damu wa kizazi unapita juu, na chini yake unapita mrija wa mkojo unaotoka kwenye figo, karibu sentimita 2 tu kutoka kwenye mlango wa kizazi. Ukiukata au ukiuunguza huo mrija, umemtibu damu umempa ugonjwa wa figo. Daktari wangu hachomi kitu mpaka auone, na ukiutazama kwa makini unaujua maana unajinyonga taratibu, unatulia, unajinyonga tena, kama mnyoo. "Huyo hapo," akasema, ndo tukapumua.

Kizazi chenyewe kinatolewa kwa chini, kupitia ukeni, halafu pale juu ya uke kilipokuwa mlango wa kizazi panashonwa. Kumbuka hicho kidonda, nitakirudia.

Saa 5. Kesi ya pili, fibroidi, yani uvimbe unaoota kwenye kizazi, na kizazi kimepanda mpaka juu ya kitovu. Huyu anapasuliwa kawaida, na jana alilalamika kwanini mwenzake anapata matundu. Nilimwelewa, lakini kizazi kikubwa hivyo ili kipite kwenye matundu lazima kikatwekatwe vipande, na ikitokea kumbe ndani kuna saratani iliyojificha, vipande vinaweza kuisambaza tumboni. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo mwaka 2014 juu ya mashine za kusaga vizazi tumboni. Kwa hiyo kidonda kikubwa sio adhabu.

Kabla ya kufunga tunahesabu gozi, vile vitambaa vya kufyonzea damu. Tuliingia na 30. Nahesabu 29. Narudia, 29. Daktari kasimama mikono juu, haruhusiwi kushona, mtu wa dawa ya usingizi ananiangalia, jasho linanitoka. Tumepekua ndoo, shuka, tumbo tena upya. Ilikuwa imenasa chini ya kiatu cha mwanafunzi. Kiatu! Sikumgombeza, nilikosa hata nguvu.

Saa 8. Nakula nimesimama. Rafiki yangu kanitumia voisi ya dakika nne, kaambiwa ana fibroidi, analia hataki kutolewa kizazi. Nikamjibu, shosti, fibroidi sio lazima kizazi. Zipo zinazoachwa tu zikiangaliwa, zipo za kutumia dawa, ikiwa imetokeza ndani ya kizazi inakwanguliwa kwa kamera inayopitia ukeni bila kidonda chochote, unaweza kutolewa uvimbe peke yake kizazi kikabaki, au mishipa inayoulisha ikazibwa usinyae. Muulize daktari wako iko wapi na ina ukubwa gani, ndo uanze kulia.

Saa 9. Wa tatu ni bibi wa miaka 63, kizazi kimeshuka. Anatolewa kwa kupitia ukeni, tumbo haliguswi, ganzi ya mgongo, yuko macho anatupigia stori za wajukuu, "mwanangu umeolewa wewe?" ananiuliza katikati ya kazi. Watu wanasikia kamera na roboti (ambayo haipasui peke yake jamani, daktari kakaa pembeni anaiendesha) wanaona ndo mwisho wa maendeleo, wakati hii njia ya kizee ndo inayopewa nafasi ya kwanza kila inapowezekana.

Saa 12 jioni. Napitia wadi kabla ya kuondoka. Mama wa asubuhi kakunja uso. "Sista, nimepasuliwa tumbo, mbona bega ndo linaniua?" Ni gesi. Inayobaki inakera kiwambo kile cha chini ya mapafu, na mshipa wake wa fahamu umetoka shingoni sehemu moja na wa bega, kwa hiyo ubongo unachanganya. Siku mbili tatu itaisha, atembee tembee.

Halafu akafunua gauni akanionyesha plasta zake nne. "Vijidonda hivi tu? Keshokutwa nafua." Nikakaa kitandani pake. Nikamwambia kipo kingine usichokiona, kiko ndani, na ukinyanyua ndoo au ukikutana na mume kabla ya wiki 6 kinaweza kufumuka. Damu mbichi, harufu mbaya au homa, unarudi usiku huo huo.

Akanyamaza kidogo. "Hilo la mume mwambie mwenyewe, mi haniamini. Yuko hapo nje."

Nikatoka. Nikamkuta kwenye benchi, kandambili za mkewe kaziweka mapajani.