Lasanya si mlima wa jibini

Ukitoka Bologna, Italia, ukarudi Dar, lasanya za kuagiza, yaani tabaka za pasta bapa, sosi na jibini zilizookwa, zinakuvunja moyo. Juu, jibini la njano unene wa kidole, mafuta yanaelea. Chini, pasta kavu. Tulioondoka enzi za jibini la pembetatu la kupaka kwenye mkate tulitamani siku maduka yetu yatakapouza jibini la kila aina. Imefika, na jibini limekuwa kifuniko cha kuficha sosi mbovu. Inauma.

Lasanya ya Bologna haina mozzarella, lile jibini jeupe laini linalovutika. Ina ragù (sosi ya nyama), sosi nyeupe ya maziwa na Parmigiano Reggiano, jibini gumu lililokomaa miezi 12 au zaidi, basi. Mozzarella utaikuta Napoli, kwenye lasanya ya Kanivali, sherehe za kabla ya Kwaresima, yenye jibini laini la ricotta, mayai na vibonge vidogo vya nyama.

Kwa hiyo soma pakiti ya jibini kabla ya kulipa. Ukiona mafuta ya mawese, hilo si jibini halisi, rudisha. Jibini la cheddar lililokomaa likikutana na moto mkali hukaza na kutoa mafuta. Hayo ndiyo yanayoelea. Jibini lililokunwa tayari hupakwa wanga lisishikane, ndiyo maana haliyeyuki vizuri. Nunua kipande cha Parmigiano au cha Grana Padano, jibini linalofanana nalo, gramu 150, ukune mwenyewe. Ni ghali, lakini trei ya watu 8 haitaki zaidi ya hapo. Kama lazima uweke mozzarella mbichi, ikate na uichuje saa nzima, la sivyo lasanya itajaa maji.

Ragù: kaanga kitunguu, karoti na shina la seleri, vyote vikatwe vidogo sana, kwa moto mdogo hadi vilainike. Tia nusu kilo ya nyama ya kusaga, ongeza moto mpaka maji yakauke na nyama ishike rangi. Ikichemkia kwenye maji yake haitapata ladha. Weka vijiko viwili vya nyanya ya kopo, supu kikombe kimoja, kisha nusu kikombe cha maziwa. Saa mbili, moto mdogo, bila haraka.

Sosi nyeupe ndiyo inayolainisha lasanya, na ndiyo wengi wanairuka. Yeyusha siagi gramu 80, tia unga wa ngano gramu 80, koroga dakika mbili harufu ya unga mbichi iishe. Mimina lita moja ya maziwa ya moto kidogo kidogo huku unakoroga. Ukiyamwaga yote mara moja, unga wa nje hujifunga na wa ndani hubaki mkavu, hayo ndiyo madonge. Chumvi, kungumanga kidogo. Iwe nyepesi ya kumwagika kutoka kwenye mwiko, kwa sababu pasta itainywa.

Pasta inayotaka kuchemshwa, chemsha vipande vichache kwa zamu, vichovye kwenye maji baridi, vitandaze kwenye kitambaa. Paka sosi nyeupe chini kabisa, kisha panga tabaka tano nyembamba, kila moja pasta, ragù, sosi, jibini kiasi cha kunyunyiza. Juu kabisa sosi ifunike kila pembe. Pembe iliyo wazi hukauka na kukunjamana.

Oveni nyuzi 180, dakika 30 hadi 35. Bila oveni, palia kama wali: makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Ikiiva, iache dakika 15. Ukiikata ikitokota, tabaka zitateleza na sosi itakimbilia chini ya trei.