Nilivyoweza kusoma magazeti ya wapinga utumwa kwa simu tu

Mi kazi yangu ni uchapaji, kalenda, kadi za harusi, vitabu vya risiti, na kilichonivuta kwenye magazeti ya Marekani ya kupinga utumwa ni swali la kibiashara kabisa, hawa watu karatasi na wino walikuwa wanalipia na nini? Maana unatetea watumwa ambao kule majimbo ya kusini hata kusoma wamekatazwa, sasa gazeti unamuuzia nani.

Nikaanza na Freedom's Journal la New York, la kwanza Marekani kumilikiwa na watu weusi wenyewe, lilizaliwa Machi 1827 likafa Machi 1829. Matoleo yote 103 yamewekwa bure na chama cha historia cha Wisconsin, nikawa nashusha usiku kwa bando la bei poa. Kusoma sasa ndo shughuli! Herufi ndogo kama sisimizi, safu zimebanana, Kiingereza cha zamani sentensi moja inakula nusu safu. Kilichonisaidia ni kuachana na makala za mbele, nikawa naanzia nyuma kwenye matangazo na majina ya mawakala, navuta safu moja mpaka ijae kioo, neno gumu naliruka, likijirudia ndo nalitafuta. Lugha ya huko ni ya biashara, naijua. Bei dola 3 kwa mwaka, na wakala wa Boston ni David Walker, muuza mitumba ambaye 1829 alitoa kijitabu kilichowatia kiwewe wenye watumwa.

Nilivyozoea nikahamia The Liberator la Boston, lilianza Januari 1, 1831. Mhariri wake, William Lloyd Garrison, alikuwa fundi haswa, kajifunza uchapaji tangu mtoto, na inasemwa makala zake nyingine alikuwa anazipanga moja kwa moja kwa herufi za madini ya risasi, moja moja kwa mkono, bila kuziandika kwanza, aliyewahi kuona kazi ile anajua hapo ni balaa. Yeye na mwenzake Isaac Knapp walilala humohumo ofisini. Waliombeba ni weusi huru, James Forten, mshona matanga ya meli tajiri wa Philadelphia, mwanzoni kabisa alituma dola 54 za wateja 27, yani dola 2 kila mmoja kwa mwaka mzima.

Halafu kuna mchezo wa wahariri kubadilishana magazeti bure, la Garrison linafika kusini, mhariri wa kule anapandwa hasira anachapa maneno yake ili amtukane, Garrison naye analibeba lile tusi analichapa Boston kwenye safu maalum ukurasa wa mbele. Promo ya bure! Ilifika mahali bunge la Georgia likatangaza dola 5,000 kwa atakayefanikisha kumkamata na kumhukumu.

Sio wote walipona lakini. Elijah Lovejoy, mhariri mpinga utumwa huko Alton, Illinois, mashine zake za uchapaji zilivunjwa na magenge mara kadhaa, wafuasi wanachanga inanunuliwa nyingine, Novemba 1837 akauawa akilinda mpya. Mashine ndo mtaji wote, hiyo nilisoma nikaweka simu pembeni.

Ila niliyempenda kuliko wote ni Julia Griffiths, ambaye wengi hawamtaji. Gazeti la Frederick Douglass, yule mtumwa aliyetoroka akawa mwandishi na mhutubiaji maarufu, The North Star, lilianza Desemba 1847 na kufikia 1849 madeni yamembana mpaka nyumba iko rehani. Huyu mama akatoka Uingereza, akatenganisha hela ya gazeti na hela ya nyumbani kwa Douglass, kitu ambacho wachapaji kibao mpaka leo kinatushinda, na Douglass mwenyewe aliandika kwamba ndani ya mwaka mmoja nakala zilitoka 2,000 zikafika 4,000 na rehani ikafutwa.

Sahivi niko na Provincial Freeman la Kanada, la Mary Ann Shadd, mwanamke mweusi, 1853. Juu ya gazeti liliwekwa jina la mhariri mwanaume, Samuel Ringgold Ward, wakati kazi anapiga yeye, na akisaini M. A. Shadd watu wanadhani ni mwanaume. Kuhariri yeye, kuzunguka miji kuhutubia na kutafuta wateja pia yeye.